Indiketa ya Kulia

Siku hizi taa za gari husoma nia ya dereva kabla yeye mwenyewe hajaijua, na sheria hairuhusu kuzizima. Atupele alizipenda. Asubuhi ile, ukungu wa Tukuyu ulipotanda barabarani, taa zilishuka zenyewe kutoka fulu hadi dimu kabla hajagusa swichi, maana kwenye ukungu mwanga mkali humrudia dereva machoni.

"Gari hili lina akili kutuzidi," alisema Ambakisye, mumewe, aliyeketi pembeni yake.

Walikuwa wakienda kwa mama mkwe wa Atupele. "Nina hamu naye kweli," Atupele alisema. Walipoikaribia njia panda ya kukata kushoto, indiketa iliyowaka ilikuwa ya kulia, ya kuelekea saluni. Ambakisye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo maana watu wa mji huo siku hizi huenda ukweni kwa miguu.

"Ukimwambia mama, chai utajipikia," alisema Atupele, naye akicheka, akakata kushoto.

Jioni, walipokuwa wamerudi nyumbani, Atupele akichambua maharage barazani, Ambakisye aliingia garini kutafuta miwani yake. Alikaa kwenye kiti cha dereva. Injini ilikuwa imezimwa na geti limefungwa. Indiketa ya kulia ikaanza kuwaka na kuzimika taratibu, upande wa barabara iendayo Mbeya.

"Baba Lusajo, unakwenda wapi?" Atupele alimuuliza mumewe.

"Siendi popote," alijibu Ambakisye, wala hakuwa anadanganya. Alikuwa akiitazama taa ile kwa mshangao uleule wa mkewe.