Kengele ya Soksi

Mkufunzi wa mbwa alipopiga makofi, binti alijiangusha kwenye zulia kama kaka yake alivyokuwa akianguka: bega kwanza, kisha kichwa, kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi.

Lilikuwa jaribio la mwisho la Soksi, mbwa ambaye binti mwenyewe, akiongozwa na mkufunzi, alimfundisha kumsaidia mtu mwenye kifafa. Soksi aliisukuma ile ngumi kwa pua mpaka ikafunguka, kisha akakimbilia kamba ya kengele ukutani na kuivuta kwa meno.

Mama akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina povu la sabuni.

"Huyu ana akili kunizidi mimi!" alicheka bwana mgonjwa wa kifafa aliyekuja kumchukua Soksi.

"Haya, inuka mwanangu," mama alisema. "Soksi amefaulu."

Siku zote binti aliinuka. Tangu wamzike kaka yake, hilo tu ndilo lililomtoa kitandani: kuanguka kama yeye, halafu kuinuka, jambo ambalo kaka mara ya mwisho hakuliweza.

Leo hakuinuka. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama Soksi, ambaye akiondoka leo hakutakuwa tena na zoezi.

Mama akapiga magoti. "Usinifanyie hivi, mama. Sema basi, unaumwa wapi?"

Mkufunzi akasogea karibu. Bwana mgonjwa alibaki na kamba ya kumfungia mbwa mkononi, asijue aiweke wapi.

Soksi aliwatazama mmoja mmoja, akarudi ukutani, akaivuta kengele. Akaivuta tena. Wote waliokuwamo ndani ya nyumba ile walikuwa wameshafika.