Chupa ya Saba

Ngamia wa mradi walikuwa sita. Chupa za maziwa zilizopangwa juu ya meza ya maabara zilikuwa saba.

Dokta Bonifasi alizihesabu tena. Sita zilikuwa na namba za ngamia, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ya saba ilikuwa na namba saba kwa mwandiko wa kubabaika, kama wa mtu aliyeanza shule ukubwani.

"Eufrazia! Njoo hapa."

Eufrazia aliacha mirija ya kioo aliyokuwa akiiosha. Alikuwa kibarua pale chuoni kwa wiki ya tatu tu. Aliomba kazi yoyote baada ya kiwanda alichofanyia kazi mumewe kubinafsishwa na wafanyakazi kupunguzwa.

Mlinzi, Mzee Salehe, alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mimi simwiti mtu mwizi, Dokta. Ila kila jioni nikikagua kikapu chake nakuta chupa tupu, imeviringishwa kwenye kanga. Inanuka maziwa."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi hatukagui. Nani aje na mali yake aiache serikalini?"

Dokta hakucheka. Alimtazama Eufrazia, akaona madoa mawili ya maji kwenye blauzi yake. Mzee Salehe, mwenye wajukuu tisa, alikuwa ameshayaona. Akashusha sauti.

"Ananyonyesha, Dokta. Kifua kinamdai."

"Kumbe ndiyo maana," alisema Dokta. "Siku zote umekosa nafasi; leo umegawa chupa moja kuwa mbili, moja uende nayo kwa mtoto. Kwa nini hukusema?"

Eufrazia aliinamisha kichwa. Angesema nini? Mama mkwe alikuwa ameshasema mbele ya ukoo mzima kwamba maziwa yale ndiyo yaliyomdhoofisha mtoto. Mumewe alisikia. Kesho yake alikwenda Kilombero kutafuta kibarua cha kukata miwa, wala hakuaga.

"Nifukuze, Dokta," alisema. "Lakini nakuomba, uipime kwanza na hiyo ya saba."

Dokta alishangaa. Ni yeye aliyemweleza kipimo kile, siku alipomkuta akikichungulia. Kimeng'enya hukata protini ya maziwa vipande vidogo, kama tumbo linavyofanya. Vipande hivyo hutiwa kwenye dawa ya zambarau. Maziwa yenye nguvu ya kuukinga mwili huigeuza dawa ikawa ya njano. Yasiyo na nguvu huiacha na zambarau yake. Eufrazia aliyaandika yote kwenye daftari la masomo ya jioni, chini ya sala ya kuombea mtihani.

"Haya," alisema Dokta. "Tuipime."

Maziwa yalikaa na kimeng'enya kwenye maji ya uvuguvugu hadi saa nane mchana. Kisha yakachemshwa, yakapoa, yakatiwa kwenye zambarau. Mirija saba ikafungiwa kabatini, gizani, kwa nusu saa.

Eufrazia alisimama mbele ya kabati. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, juu ya rozari. Midomo yake ilicheza bila sauti.

"Mama, unaliombea kabati?" aliuliza Mzee Salehe.

"Naombea kilichomo, baba."

Dokta alifungua. Mrija wa kwanza ulikuwa wa njano. Wa pili pia. Eufrazia hakuitazama hiyo. Alifumba macho mpaka aliposikia wa saba ukiinuliwa kwenye kishikio chake.

"Njano," alisema Dokta. "Sawasawa na wenzake."

"Kwa hiyo hayana ubaya?"

"Ubaya gani?"

"Wowote, Dokta. Hayawezi kumdhuru mtoto?"

"Kwa maziwa haya? Mtoto angenenepa, Eufrazia." Alisukuma chupa ya saba kuelekea kwake. "Yaliyobaki humu mpelekee mwanao. Na siku nyingine uombe. Sisi nasi ni wazazi."

Eufrazia alipiga magoti kushukuru, akaikumbatia chupa kifuani. Dokta alidhani ni furaha ya kunusurika kufukuzwa.

Getini Mzee Salehe hakukagua kikapu. "Wahi, mama mtoto," alisema. "Atakuwa ameshalia mpaka amechoka."

"Asante, baba."

Alitembea kwa miguu hadi Bigwa, pale mlima unapoanzia. Aliipita nyumba ya mama mkwe bila kugeuza shingo. Nyuma ya kanisa dogo la kigango aliacha njia, akaingia majanini, akasimama penye kilima cha udongo mwekundu, kifupi kuliko mkono wake. Mvua ilikuwa imelaza msalaba wa vijiti. Akausimamisha.

Kisha akafungua chupa ya saba, akaimimina polepole juu ya udongo, mpaka tone la mwisho.

"Wameyapima maziwa ya mama yako," alinong'ona. "Hayakuharibiwa na mwiko wowote. Hukubemendwa, mwanangu."