Kiapo cha Mkalimani

Amandine alipaswa kunyoosha mkono na kusimamisha kesi. Mkono haukunyanyuka.

Kabla ya kuanza, mwamuzi alikuwa amemuuliza, kama wakalimani wote wanavyoulizwa, iwapo anamfahamu mwomba hifadhi. Alimtazama yule mwanamume mwenye mvi, Hyacinthe, akajibu hapana kwa moyo mweupe. Uso ule hakuwahi kuuona.

Kisha mwanamume akafungua kinywa, na kigugumizi kile kikamgandisha damu.

Alikisikia siku moja tu, utotoni, wanamgambo walipoingia kwao Uvira na kumuua baba yake uani. Alikuwa amefumba macho; sauti ndiyo iliyobaki. Ilimfuata kambini, ikavuka naye bahari hadi Toronto, na kuna jioni aliisikia hata kwenye lifti ya ghorofa lao, Flemingdon Park, akiwa peke yake.

Mkataba wake na serikali ya Kanada ulikuwa wazi: ukimtambua mtu, sema, ujiondoe. Ukinyamaza, kazi imekwisha, na sheria itakuandama. Amandine akanyamaza. Neno moja tu akilipindisha, mtu huyu atarudishwa alikotoka.

“Waliniteka, wakanipa b-bunduki,” Hyacinthe alisema. “Pale Uvira chef, mkubwa wetu, akaua baba mwenye nyumba. Mimi akanituma ndani.”

Amandine akatafsiri.

“Nikaona katoto kasichana nyuma ya magunia ya makaa. Kamefunika uso na mikono, kanatetemeka. Nikapaza sauti: ‘H-hamuna mutu humu, chef!’ Tukatoka. Usiku nikatoroka. Baadaye wakajua niliwadanganya, na mpaka leo wananitafuta.”



“Mkalimani?” mwamuzi akaita.

Amandine akatafsiri yote, hakupunguza wala hakuongeza. Wakili wa Hyacinthe aliacha kuandika, akamtazama. Sauti ya Amandine ilikuwa imebadilika.

“Kuna mtu yeyote anayeweza kuthibitisha haya?” mwamuzi aliuliza.

Amandine akaligeuza swali kwa Kiswahili. Hyacinthe akatikisa kichwa taratibu.

“Hakuna, mama. Labda kale katoto. Nako sijui kama kangali hai.”

Mwamuzi alisubiri tafsiri. Amandine hakumgeukia. Alimwinamia yule mwanamume.

“Kangali hai, papa,” akamwambia.