Zamu Yake

Hata baada ya bao kupigwa marufuku mjini, Bi Tunu aliendelea kucheza barazani na marehemu mumewe. Kila akimaliza zamu yake, alizunguka akakalia kigoda cha mumewe, akamchezea.

"Bibi, bao ni kosa," askari alimwambia alasiri moja.

"Namkosea nani, mwanangu?"

"Sheria ni sheria."

"Basi mngoje amalize. Ni zamu yake."

Askari alikitazama kigoda kitupu. Kisha akazimwaga kete, akaondoka na bao kwapani.

Bi Tunu alichimba vishimo thelathini na viwili mchangani, akazirudisha kete kama zilivyokuwa, akakiweka kigoda upande wa pili. Safari hii hakuzunguka. Alikaa upande wake, akashika tama, akimngoja acheze.