Chokaa Mbichi

Jumamosi, saa mbili asubuhi, chokaa ya ukuta wa mbele ilikuwa bado mbichi. Mkubwa aliigusa kwa kidole, kisha akakifuta kidole kwenye fremu ya mlango.

"Usiiguse hiyo, haijashika," sauti ya mwanamke ilisema kutoka ndani.

Mjane wa mdogo wake alikuwa amepanda juu ya stuli akitundika mapazia. Alikuwa ameyashona kwa mashuka mawili ya zamani na kuyatia pindo jekundu. Binti yake alikaa sakafuni akisugua kreti la mbao kwa msasa.

"Shikamoo, baba mkubwa," binti alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Mama yako anampambia nani nyumba?"

"Watoto wa ndugu yako," mjane akajibu. "Au umeshawasahau?"

Mkubwa alikuja kwa jambo moja, na wote watatu walilijua. Tangu mazishi alikuwa akiitaka nyumba hii. Kiwanja kilikuwa cha baba yao, na kwa hesabu yake, mke hakuwa na fungu humo. Alikuwa tayari kumpa mjane nyumba yake ya vyumba viwili kule machimboni, yenye paa linalovuja na ambayo jirani yake wa karibu ni mbuzi. Akikataa, wangekutana mahakamani, na mahakamani Mkubwa alikuwa na subira kuliko mwanamke mwenye watoto wawili wa kulisha. Huenda angetoka huko bila nyumba hata moja.

Alizunguka sebuleni, mikono nyuma. Makopo ya maziwa yalikuwa yamepakwa rangi na kupandwa maua. Mito ya viti ilivishwa kitambaa cha mistari alichokitambua.

"Haya si mashati ya marehemu? Umemvua yeye ukavalisha viti?"

"Viti vilimkalisha alipougua. Wewe hata kumpigia simu ulishindwa."

"Unadhani nikiona maua nitakuonea huruma?"

"Huruma yako niiweke wapi, shemeji? Nyumba imejaa."

Mkubwa alitoka nje asije akasema neno mbele ya mtoto. Alisimama barabarani akaitazama nyumba. Ilikuwa ya pembeni, imetokeza mbele ya nyingine zote kama jino lililokosa nafasi. Vigingi vya wapima barabara vilipangwa mtaa mzima. Lami ilikuwa inakuja. Tayari aliliona duka pale barazani, friji la soda, na foleni ya wateja. Fundi cherehani wa upande wa pili alisimamisha mashine, akamkodolea macho, asimsalimu. Mkubwa hakushangaa. Alijua majirani wapo upande wa mjane.

Mjane alitoka na nyundo. Alianza kupigilia makreti kwenye ukuta wa mbele, moja juu ya jingine, na binti akampa makopo ya maua ayapange ndani yake.

"Acha kunitobolea ukuta."

"Bado ni wangu."

"Hadi Jumatatu tu. Wakili anatusubiri saa tatu."

Nyundo ilisimama. "Nipe muda hadi shule zifungwe."

"Hata wiki sikupi."

"Basi tuandike kwamba mmoja wetu akijuta, tunarudishiana."

Mkubwa alicheka hadi akakohoa. "Hapo ndipo ulipotaka kunifikisha! Unipe nyumba leo, kesho uje na kilio na watoto mgongoni. Hakuna kurudishiana. Na litaandikwa hivyo hivyo."

Mjane alimtazama kwa chuki ambayo hakujaribu kuificha, akarudi kwenye misumari yake.

Jumatatu wakili aliwasomea makubaliano. Nyumba kwa nyumba, kila moja kama ilivyo. Hakuna kurudishiana, hakuna kudaiana, hakuna kesi. Kifungu cha mwisho Mkubwa aliomba kisomwe mara ya pili, na wakati kikisomwa alimtazama mjane usoni. Kisha akasukuma mezani ufunguo na hati ya nyumba ya machimboni kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

"Kuna swali?" wakili aliuliza.

"Sina," mjane akasema. Alitia saini polepole, herufi moja moja, akauchukua ufunguo.

"Jioni nisikukute," Mkubwa alimwambia mlangoni.

Hakumkuta. Mjane alikuwa amepakia kila kitu kwenye gari la mizigo: vitanda, masufuria, mapazia, mito ya mashati. Hata balbu alizifungua. Makreti ya maua tu ndiyo yaliyobaki ukutani.

Mkubwa alilala sakafuni gizani, akimtukana kila alipogeuka.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alitoka nje na nyundo na kopo la rangi ya buluu. Hakutaka alama yoyote ya mwanamke yule kwenye ukuta wake. Fundi cherehani alikuwa ameshafungua. Safari hii alimsalimu, tena kwa adabu.

"Umeamkaje, mwenye nyumba?"

"Salama," Mkubwa alijibu, akachomeka ncha ya nyundo nyuma ya kreti la juu na kulivuta.

Makreti yalianguka yote pamoja. Chokaa ikabanduka nayo, vipande vipana kama maganda. Chini yake palikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu ya mafuta, kuanzia usawa wa paa hadi kwenye msingi. Katikati yake paliandikwa BOMOA, HAKUNA FIDIA, na tarehe ya siku hiyo.