Kiapo cha Tangi Namba Kumi na Saba

"Mafuta yangu yako wapi?"

Hii ilikuwa mara ya tatu yule mzee, Pak Cik Sarip, anauliza. Khuzairi, afisa wa benki, akaitupia saa jicho la wizi. Tisa na dakika ishirini. Saa kumi kamili makao makuu wanafunga mauzo ya siku. Miezi yake sita ya majaribio ilikuwa inakwisha leo, na mkataba huu usipotiwa saini, kesho hana kazi. Puan Rafidah, bosi wake, alimwambia hivyo asubuhi bila kupepesa macho.

Walikuwa wamekaa uani, nje kidogo ya mji wa bandari wa Klang, kando ya banda la kuku. Ndani hapakukalika. Mvua ya mchana ilikuwa imevuja kila chumba, na paa hilo ndilo lililomleta Khuzairi: ringgit elfu thelathini, pesa za bati na mbao mpya.

"Pak Cik, nimeshaeleza," alisema, akijilazimisha kutabasamu. "Sisi hatukopeshi pesa kwa riba. Benki inanunua mafuta ya mawese, inakuuzia wewe kwa bei ya juu kidogo, unalipa polepole miaka mitano. Halafu, kwa niaba yako, tunayauza mafuta hayo kwa mfanyabiashara mwingine, na pesa taslimu zinaingia kwako. Dakika kumi tu, yote kwenye kompyuta."

"Kwenye kompyuta." Mzee alimega ndizi ya kukaanga. "Mwanangu, mimi nikinunua kuku namshika kifua kwanza. Hayo mafuta yapo, au nauziwa mbuzi kwenye gunia?"

"Tia saini mtoto wa watu aende zake!" Mak Cik Temah, mkewe, alipaza sauti kutoka jikoni. "Mwaka wa tano huu kuku wako wanalala pakavu, mimi nalala na beseni!"

Hakusema uongo. Nyumba ilikuwa ya mbao zilizooza, lakini banda la kuku lilikuwa la chuma kinene, ungedhani limejengwa kuzuia vita. Khuzairi alikuwa ameegemea ukuta wake uliofunikwa magunia, na kutu ilishapenya ikamchafua shati jeupe mgongoni.

"Ustadhi alitufundisha msikitini," mzee akaendelea. "Kitu kisichokuwepo hakiuziki. Kikiuzwa, hiyo ni riba iliyovalishwa kofia. Na mnunuzi ana haki ya kujua mali yake iko wapi. Nadanganya?"

Hakudanganya. Kifungu cha tisa cha mkataba kilisema hivyo hivyo. Lakini miezi sita yote hiyo hakuna mteja aliyekifikia. Watu huuliza pesa zitaingia lini, basi.

Khuzairi akasogea pembeni, akampigia Puan Rafidah.

"Anataka nini?"

"Anauliza mafuta yako wapi."

"Makubwa! Huyo ni mteja au kadhi? Subiri."

Hati ilifika kwenye simu saa tisa na dakika arobaini. Khuzairi akaisoma kwa sauti, karibu aimbe kwa furaha. Bohari ya Sinar Muara, bandarini. Tangi namba kumi na saba. Tani mia tano za mafuta ya mawese. Mkaguzi amefika na kuthibitisha jana, saa nne asubuhi, kwa mhuri na sahihi. Picha nayo ilikuwepo: tangi kubwa la kijivu, namba 17 kwa rangi nyeupe, na chini yake kasa wa kijani, alama ya bohari.

Mzee akaipokea simu. Akafuta miwani kwa ncha ya sarungi, akaisogeza picha mbali, akairudisha karibu. Mkono wake ulikuwa umejaa madoa ya kuungua, madogo madogo, ya zamani.

"Jana, umesema?"

"Jana, Pak Cik."

"Na wewe umeliona kwa macho yako?"

"Mkaguzi ameliona."

"Nimekuuliza wewe."

Saa tisa na dakika hamsini. Khuzairi alimfikiria mama yake kule Kedah, aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni mtu wa benki.

"Lipo, Pak Cik. Mafuta yapo."

"Apa."

Mak Cik Temah akatokeza mlangoni na mwiko mkononi. "Sarip! Unamwapisha mtoto wa watu kwa ajili ya mafuta?"

"Kama yapo, anaogopa nini?"

Kiapo si mchezo, Khuzairi alilijua hilo tangu madrasa. Lakini mhuri si huo? Picha si hiyo? Mtu mzima na akili zake ameenda bandarini jana akaweka sahihi yake. Na saa inakwenda.

"Wallahi," alisema. "Tangi liko bandarini, limesimama, na mafuta yamo ndani."

Mzee alimtazama, wala si kwa hasira. Alimwonea huruma. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kalamu, na pumzi ya Khuzairi ikarudi.

Lakini kalamu ile aliichomeka nyuma ya sikio. Akainuka taratibu huku magoti yakilia, akaswaga kuku waliokuwa miguuni pake.

"Miaka thelathini nimekata vyuma vya watu pale bandarini," alisema. "Njoo, mwanangu. Shika magunia upande huo, tuvute pamoja."

Wakavuta, magunia yakaanguka. Ukutani mwa banda alikuwepo kasa wa kijani, mguu wake mmoja umekatwa kwa moto. Na juu yake, kwa rangi nyeupe, namba kumi na saba.