Kipande cha Mnada

Saa nne asubuhi, shangazi yake Ngusa aliingia kibandani kwake akiwa ametoka Momba, viatu vikiwa na tope.

"Dume langu limeibwa, na ndilo pekee la kulimia. Wanasema jana lilipita mnadani. Wewe ndiye unayerusha mnada mubashara, nionyeshe aliyelileta."

Ngusa alifungua kompyuta. Programu aliyoisakinisha mwenyewe ilikuwa imeshakata vipande vyenye kelele za bei kutoka video ya jana, kisha ikafuta video nzima. Yeye ndiye aliyeiagiza ifute, ili kuokoa nafasi.

Kipande cha tatu kilianza na dume lile, pembe moja imevunjika. Mkono ulioshika kamba ulionekana mpaka kwenye kiwiko, kisha ukaiachia.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu."

Ngusa alirudisha. Kipande kilianza palepale.